Hatua ya Kwanza ya Mtoto wa Yaya

Ukitafuta habari za Tanga zilizoandikwa na wageni walioishi hapa, utakuta simulizi nyingi za aina moja. Familia imetoka Ulaya au Marekani. Baba au mama ana kazi ya mkataba, watoto ni wawili na wa tatu yuko njiani. Wamepanga nyumba Raskazone, upepo wa bahari unaingia dirishani. Mtoto anaota jino la kwanza katika joto la Februari. Anatambaa kwenye sakafu ya saruji kwa sababu ndiyo yenye ubaridi. Anapiga hatua ya kwanza kwenye mchanga wa Ushongo. Wanavuka Pangani kwa pantoni, wanakwenda Saadani kutafuta tembo, wanaingia mapango ya Amboni na mtoto mgongoni, wanapanda Amani kukimbia joto. Neno la kwanza la mtoto ni "maji", na wazazi wanafurahi kupita kiasi kwa kuwa limetoka kwa Kiswahili. Kisha mkataba unakwisha, masanduku yanafungwa, watu wanalia uwanja wa ndege.

Sina ugomvi na furaha hiyo. Mtoto akitembea, kila mwenye moyo hufurahi, awe wa nani. Ugomvi wangu ni na swali ambalo simulizi hizi hazijiulizi: lile neno "maji", mtoto alifundishwa na nani?

Jibu tunalijua sote. Wazazi wake walikuwa kazini. Alifundishwa na yaya, kikombe mkononi, mara mia kwa siku. Yaya humo ndani ya simulizi yupo, lakini yupo kama feni ya darini: anafanya kazi mfululizo na anatajwa siku akikosekana. Anapewa sifa tatu: mchangamfu, mwaminifu, anawapenda watoto. Hatuambiwi ametoka wapi asubuhi ile, amepanda daladala ngapi, wala nani amebaki na mtoto wake mwenyewe. Maana anaye. Mara nyingi amechaguliwa kwa sababu hiyo hiyo. Mwajiri anataka mtu aliyezoea kulea, na uzoefu huo yaya ameupata kwa kuzaa.

Hapa pwani mwanamke akishazaa, jina lake hubadilika. Anakuwa Mama Fulani, na heshima hiyo haiombewi cheti. Mgeni naye hupewa. Hamalizi mwezi Raskazone au Chumbageni kabla muuza samaki, fundi baiskeli na mlinzi wa jirani hawajaanza kumwita kwa jina la mwanawe wa kwanza. Mtaa umemtambua kuwa ni mzazi. Lakini ndani ya geti, mwanamke aliyezaa watatu anaitwa dada. Neno zuri, la undugu, ila angalia kazi linayofanya pale: linamvua uzazi wake. Dada hana mtoto wa kunyonyesha. Dada hana haja ya kuondoka saa kumi. Dada anaweza kulala huku huku.

Shangazi yangu alifanya kazi hiyo kwa miaka minne, katika nyumba ya familia moja ya Ulaya mjini Tanga. Anazo picha walizomwachia, ndani ya bahasha ya kaki, kwenye sanduku pamoja na leso zake. Nimezitazama mara nyingi. Mtoto anakata keki. Mtoto yuko ndani ya ngalawa. Mtoto amesimama kwa mara ya kwanza, ameshika kiti. Picha ni kumi na moja. Uso wa shangazi unaonekana katika mbili. Katika nyingine nne kuna mkono wake tu: unamshika mtoto kiunoni asianguke, unazuia kofia isipeperuke. Nyuma ya ile ya kusimama kuna tarehe kwa kalamu ya bluu: siku, mwezi, mwaka.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, ni rika moja na yule wa kwenye picha. Yeye alilelewa na bibi, Muheza, katikati ya michungwa. Nilipomuuliza bibi binamu alianza kutembea lini, alisema, "Mvua za vuli zilikuwa zimekatika." Hiyo ndiyo kumbukumbu iliyopo. Shangazi alipata habari Jumapili iliyofuata. Kutoka Tanga hadi Muheza hata saa moja na nusu ya basi haifiki, kwa hiyo asitokee mtu akasema tatizo lilikuwa umbali. Tatizo lilikuwa siku. Alikuwa na Jumapili moja, tena si kila wiki.

Shangazi hanung'uniki. Alilipwa kwa wakati, na yule mtoto alimlilia siku ya kuondoka hadi akatapika. Nayasema haya kwa sababu watetezi wa simulizi hizi huanzia hapo: alilipwa, alipendwa. Nakubali yote mawili. Upendo ulikuwepo, wa kweli, wa pande zote mbili. Lakini zile saa za usiku alizokesha na mtoto mwenye homa hazikuokotwa njiani. Zilikuwa za mtu mwingine mdogo aliyelala Muheza. Na katika picha kumi na moja, hakuna mahali palipoandikwa kwamba huyo mtu mdogo yupo duniani.

Tuje kwenye majina ya watu wanaohama, maana hapo ndipo uongo unapoanzia. Waingereza wana neno maalumu la kumwita mtu aliyetoka kwao akaenda kuishi nchi ya watu kwa kazi. Hawalitumii kwa wengine. Sisi tumelipokea na kulitafsiri kwa heshima: mtaalamu wa kigeni. Sasa chukua mwanamke wa Tanga aliyepanda ndege kwenda Muscat kwa mkataba wa miaka miwili. Naye ametoka kwao, naye anaishi nchi ya watu kwa kazi, naye anazungukwa na watoto wadogo kutwa nzima. Anaona bahari ile ile. Lakini yeye haitwi mtaalamu. Anaitwa mfanyakazi wa ndani, na chini ya mfumo wa kafala ruhusa yake ya kuwepo imefungwa kwa mwajiri wake. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti nzima kuhusu wanawake wa Kitanzania waliokwenda Omani na Falme za Kiarabu: pasipoti zilizochukuliwa, mishahara iliyocheleweshwa, siku za kazi zisizo na mwisho, kupigwa. Wengi wa wanawake hawa ni mama. Hatua za kwanza za watoto wao wameziona kwenye simu, mtandao ukikubali.

Kwa hiyo tuna watu wawili wanaofanya jambo moja, kuhama kwa ajili ya kazi. Mmoja anakwenda na watoto wake, na safari yao inakuwa fasihi. Mwingine analazimika kuwaacha, na safari yake inakuwa ripoti ya haki za binadamu. Ukiona tofauti hiyo ni ya kawaida, jiulize nani amekuzoesha.

Tanga haikuanza jana kupokea watu wa mkataba. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari hii kuelekea Usambara. Mwaka huo huo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa sitini na ushee tu. Kutokana na miche hiyo yakaja mashamba, na mashamba yakataka watu. Walitoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Ruanda-Urundi. Walisafiri kwa siku nyingi kuliko wageni wengi wanavyosafiri leo, na kwa hatari zaidi. Wakaitwa manamba, kwa sababu waliandikwa kwa namba. Wenye mashamba waliacha barua, shajara na picha za watoto wao kwenye baraza. Manamba nao walizaa, na watoto wao nao waliota meno. Wajukuu zao tumesoma nao. Tuonyeshe barua moja.

Baada ya uhuru wakaja watu wa miradi. Miaka ya sabini Wajerumani walirudi na mpango wa maendeleo vijijini wa mkoa wa Tanga. Miaka ya tisini Wafini walikuwa Usambara Mashariki kwa ajili ya misitu, na Waayalandi wakafadhili mradi wa hifadhi ya pwani. Wengine walifanya kazi nzuri. Misitu ya Amani ni shahidi. Sasa kuna bomba la mafuta ghafi, kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, na wenye nyumba za kupangisha mjini wamepaka rangi upya. Watakuja watu wengine na watoto wengine. Wataajiri akina shangazi wengine.

Mji huu una msemo wake wa zamani: waja leo waondoka leo. Wenyeji huusema kwa kujigamba kidogo. Mimi nausikia kama maelezo ya sheria. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 ilipotungwa iliweka kikomo cha miaka mitano kwa kibali cha kazi cha kawaida. Maana yake mgeni anajua tangu siku ya kwanza kwamba hapa ni mahali pa kupita, hivyo mji unakuwa sura moja ya utoto wa mwanawe. Yaya naye anajua. Anampenda mtoto mwenye tarehe ya kuondoka, na akishaondoka huyo, anampenda mwingine. Wa kwake anamsubiri.

Lakini mpaka hapa ni rahisi kukubaliana nami, na ninapokubaliwa haraka huanza kuwa na wasiwasi. Kijana msomi wa Kitanzania hapendi kitu kama kusikia Mzungu akisemwa. Basi tuendelee.

Mwaka 1866 binti wa Sultani Said, Sayyida Salme, aliondoka Unguja akiwa mjamzito. Akaolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, akahamia Hamburg. Mumewe alikufa 1870 kwa ajali ya tramu, akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi ambako watu walimtazama kama kioja. Ndiye mzazi maarufu kuliko wote waliotoka pwani hii kwenda kulea ughaibuni, na kitabu chake cha kumbukumbu, kilichochapishwa 1886, alikianza kwa ajili ya wanawe, wapate kujua mama yao alitoka wapi. Ni kitabu chenye uchungu wa kweli. Na ndani yake, mwanamke huyo aliyejua maana ya kutazamwa kama kitu, alitetea utumwa. Wanawake waliombeba, kumnyonyesha na kumwogesha akiwa mtoto wamo katika kurasa zake wakiwa sehemu ya utajiri wa nyumba. Alijua uchungu wa mama aliye mbali na kwao. Hakuuhamishia kwa mama wengine walioletwa mbali na kwao kwa nguvu ili wamlee yeye.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Ni ugonjwa wa nyumba yoyote yenye mtu wa kulea kwa malipo, na dalili yake ni ile ile: ukishamzoea, humwoni. Na nyumba nyingi za namna hiyo nchini mwetu si za wageni. Ni zetu.

Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 ilisema wazi. Iliwapanga wafanyakazi wa ndani kwa madaraja, kufuatana na nani amewaajiri. Wa kwa mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa, kima cha chini kilikuwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Wa daraja la mwisho, ambako aliangukia dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida kama wewe na mimi, kilikuwa shilingi 60,000. Kazi ni moja: nepi, uji, homa ya usiku, wimbo wa kubembeleza. Ila mtoto akiwa wa balozi, kumlea kulikuwa na thamani ya zaidi ya mara nne. Na hata hizo 60,000 zilikuwepo nyumba zisizozitoa, zikisema dada anakula na kulala bure.

Halafu tazama tunavyosimulia. Mtoto wa rafiki yako ametimiza mwaka. Mtandaoni kuna puto, keki ya ghorofa tatu, mama na baba wamevaa sare. Nani amepiga picha? Nani alikesha kumtuliza mtoto ili saa ya picha atabasamu? Dada. Dada mwenyewe huenda ana miaka kumi na sita, ametolewa Lushoto au Singida na mtu anayeitwa shangazi ingawa si shangazi yake, na mtoto wa miezi minane ndiye mtu pekee katika nyumba ile anayefurahi kumwona akiamka. Wageni wa Raskazone angalau wanamtaja yaya wao. Sisi hatumtaji kabisa, au tunamtaja kwenye kundi la akina mama tukilalamika kwamba wadada wa siku hizi hawakai.

Na kuna jambo linalonichoma zaidi. Yule mtoto wa Kizungu anaondoka Tanga akisema "shikamoo" na "nataka maji", na wazazi wake wanalinda maneno hayo kama dhahabu. Mtoto wetu anafundishwa maneno hayo hayo na dada, halafu mama anarudi jioni na kumkataza dada asimsemeshe mtoto Kiswahili, shule itakuwa ngumu. Mgeni anaona yaya amempa mtoto wake zawadi. Sisi tunaona amemchafua.

Najua kitakachosemwa. Kwanza, kwamba maisha ni magumu, na mama anayefanya kazi benki au shuleni hana namna. Kweli, lakini hoja hiyo ukiikubali kwa mama wa benki, huwezi kuikataa kwa mama mwenye yaya kwa jina. Yeye naye ni mama anayefanya kazi. Kwa nini ugumu wa maisha uwe sababu ya mmoja kusaidiwa na sababu ya mwingine kunyamazishwa? Pili, kwamba bila kazi hizi wangekuwa na hali mbaya zaidi. Huenda. Hivyo ndivyo wenye mashamba ya mkonge walivyosema kuhusu manamba. Tatu, kwamba hizi ni simulizi za watoto tu, picha za familia, mbona nazibebesha siasa. Kwa sababu kuandikwa ni mali, na mali hii imegawanywa vibaya. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta kwamba ni asilimia 26 tu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa wameandikishwa kuzaliwa kwao. Kwa watoto wengi wa nchi hii kumbukumbu pekee ya utoto ni kadi ya kliniki: uzito kwa nukta za kalamu, chanjo ya surua miezi tisa, mara nyingine imelowa mvua na haisomeki. Hiyo ndiyo albamu yao. Muuguzi wa zahanati ndiye mwandishi wa maisha yao.

Ninachodai si kikubwa, na sehemu yake tayari ni sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi apewe masharti yake ya kazi kwa maandishi. Inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Inatoa siku 28 za likizo kwa mwaka, siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na saa mbili kwa siku za kunyonyesha kwa anayerudi kazini na mtoto mchanga. Hakuna mstari unaosema haki hizi hukoma kwenye mlango wa jiko. Mgeni aliyeajiri yaya Tanga anaweza kuzitekeleza kesho, anao uwezo. Msomi aliyeajiri dada Dar es Salaam anaweza kutekeleza nyingi kati yake kesho. Asipoweza hata kuanza, basi aliyemwajiri amemwajiri kwa deni linalolipwa na mtoto wa mwenzake.

Sehemu nyingine haimo katika sheria yoyote. Mwite Mama Fulani, kwa jina la mwanawe. Ni kitu kidogo kisicho na gharama, na kitakusumbua, kwa sababu kila ukitamka utakumbuka kwamba Fulani yupo na saa hizi ni saa zake. Mpe picha anazopiga wa kwako, na mpige na yeye akiwa na wa kwake. Ukiandika kwamba mwanao ametembea, andika nani alikuwa ameinama mbele yake amenyoosha mikono.

Na sisi tunaoandika tuache kulalamika kwamba wageni wametuandika vibaya, huku kurasa zetu zikiwa tupu. Tanga hii hii imetoa mtu wa kutuonyesha njia. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, 1909, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, mtu wa kuhamishwa kituo hadi kituo na familia yake. Hakuwa na kamera wala wakati mwingi. Lakini alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na kwa hiyo mtoto wa karani mweusi wa miaka ile ana jina katika fasihi hadi leo. Alifanya kwa mwanawe kile ambacho hakuna gavana angemfanyia. Mtoto wa manamba hakupata mtu wa namna hiyo. Wa yaya bado anaweza kupata, kama mama yake ataachiwa jioni za kumtazama, na kama wajuzi wa kalamu tutamuuliza aliyoyaona.

Binamu yangu sasa ana mtoto wake. Alipotembea, baba mtu aliandika tarehe ukutani kwa mkaa, nyuma ya mlango, na mwenye nyumba akamgombeza kwa kuchafua rangi. Alilipia rangi, lakini tarehe hakuifuta.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu anakulelea mtoto sasa hivi ili upate nafasi ya kusoma, jibu maswali matatu bila kumpigia simu mtu. Mwanawe anaitwa nani? Ana umri gani? Na saa hii, amebebwa na nani?